Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mtu akikuambia hajawahi kumchukia wifi yake hata siku moja, mwangalie vizuri. Ama hana wifi, ama ni mwongo. Mimi ninaye mmoja, dada wa mume wangu, na kwa miaka kumi na saba tulikuwa tukipendana kwa meno tu: tunacheka sana, tunaumana kidogo. Yeye amesoma. Tunafanya kazi hospitali moja, ila yeye yuko ghorofa ya pili, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, anawafundisha waliopatwa na kiharusi kushika kijiko upya. Mimi niko chini kabisa, kwenye chumba cha kufulia, nakunja mashuka.

Miaka kumi na tisa nimekunja mashuka. Nifumbe macho, unipe shuka lolote, nitakuambia limetoka wodi gani kwa kulipapasa pindo. Kazini wananiita Pasi. Si kwa sababu napiga pasi, hiyo si kazi yangu. Wanasema ulimi wangu ukiugusa unaungua.

Nyuma ya chumba chetu kuna boila, pipa kubwa la chuma linalochemsha maji na kutoa mvuke. Huo mvuke ndio unaofua, unaonyoosha nguo, unaopika jikoni na kuchemsha vyombo vya upasuaji. Mwendeshaji wake alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, na mimi nafasi yake niliitaka. Sitaki kujipamba hapa: kwanza niliitaka kwa sababu ya kiti. Kule kuna kiti chenye egemeo, na dirisha, na mgongo wangu ulishachoka kuinamia meza. Lakini zaidi ya kiti nilitaka siku moja mtu akiuliza, "Nani anajua hapa?" wenzangu wote wageuke waniangalie mimi.

Sheria ni kwamba hawashi mtu boila bila leseni, na leseni ina mtihani, na mtihani una hesabu. Mfanyakazi wa hospitali anaruhusiwa kujaribu mara mbili. Akianguka mara ya pili, nafasi inatangazwa nje, wanakuja vijana wenye vyeti vyao, na yeye anarudi kwenye mashuka yake mpaka astaafu.

Mara ya kwanza nilianguka.

Na si kwamba sikusoma. Nilisoma mpaka kitabu kikalegea uti wa mgongo. Nilikivalisha jalada la karatasi, nikapiga mistari ya rangi ya njano chini ya kila sentensi, nikamaliza kalamu mbili. Nilinakili kurasa nzima kwenye daftari kwa mwandiko uliokaa sawa kuliko mashuka yangu. Nilikariri kama kasuku. Ungeniuliza ukurasa wa arobaini na moja unasema nini, ningekuambia mpaka mahali lilipoanguka tone la chai. Unasema: maji yakishuka chini ya alama kwenye kioo cha kupimia, mwendeshaji aongeze maji taratibu huku akiangalia geji ya presha.

Basi kwenye mtihani likaja swali: kioo cha kupimia hakionyeshi maji kabisa, utafanya nini? Mimi nikaona neno kioo, nikaona neno maji, moyo ukaruka kwa furaha. Nikaumwaga ukurasa wa arobaini na moja wote, nukta na mkato. Karatasi iliporudi, mtahini alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Jibu zuri la swali jingine. Kwa swali hili, ungelipua hospitali."

Nililia chooni, nikaosha uso, nikarudi mezani nikamwambia kila aliyeniangalia kwamba nina mafua. Nikiwa shule, mwalimu wetu wa hesabu aliwahi kuniambia mbele ya darasa kwamba kichwa changu ni jiwe la mtoni, maji yanapita juu miaka nenda miaka rudi, ndani hayaingii. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mbili. Siku ile chooni nilimkumbuka, nikaona kumbe alikuwa sahihi, na hilo liliniuma kuliko mtihani wenyewe.

Nilimwapisha mume wangu asimwambie dada yake. Mume wangu ni mtu mwema, lakini siri kwake ni maji kwenye kikapu. Jumapili wifi alikuja kula chakula cha mchana, na kabla hajanawa mikono alishajua.

"Wifi," akasema, "nimesikia unataka kutulipua."

"Nitaanzia ghorofa ya pili," nikamjibu.

Mume wangu akainamia sahani yake. Tukigombana sisi, yeye huwa anakula nyama za wote. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Wifi hakuendelea na utani. Aliniuliza nasoma vipi. Nikamwonyesha kitabu na daftari, na nikiri kwamba nilimwonyesha kwa maringo, maana daftari lile lilikuwa zuri. Akalifungua, akalitazama kwa muda, akalifunga.

"Umefanya kazi kubwa sana," akasema. "Ila aliyeifanya ni mkono. Ubongo ulikuwa umekaa pembeni unatazama. Kesho saa ya mapumziko njoo juu."

Nilisema siji. Nikakaa na usemi huo usiku mzima, na asubuhi nikajiambia mficha uchi hazai. Mchana nikapanda ngazi.

Chumba cha mazoezi kina dirisha kubwa linaloangalia uwanja wa hospitali. Karibu na dirisha alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, mpana wa mabega, amevaa shati jeupe lililo wazi kifua chote. Kwa miaka thelathini aliendesha malori, kwa hiyo humo ndani wote walimwita Dereva. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono wake wa kulia. Alikuwa anajaribu kufunga kifungo kimoja. Kidole gumba kinakwenda, kifungo kinakimbia. Anajaribu tena, kinakimbia tena. Jasho lilikuwa linamtoka kwa kifungo kimoja, na wifi yangu ameketi mbele yake, mikono mapajani, hafanyi lolote.

Mimi nilishindwa. Nikasogea, nikanyoosha mkono nimsaidie. Wifi akanizuia kwa kidole.

"Nikimfungia mimi," akasema, "ubongo unaofanya mazoezi ni wangu. Na wangu unajua vifungo tangu utotoni."

"Sasa atajifunza vipi kama hujamwonyesha?"

"Nilimwonyesha. Mara moja. Baada ya hapo kazi ni yake. Akishindwa, akajaribu, akashindwa, ndipo ubongo unaposhughulika kutafuta pa kupita."

Akaniita dirishani. Katikati ya uwanja kuna kibao: Usikanyage majani. Na kando ya kibao, kama tusi, kuna njia nyembamba ya vumbi inayokwenda moja kwa moja mpaka geti la nyuma.

"Nani aliichora ile njia?" akaniuliza.

"Hakuna aliyeichora. Ni miguu yetu."

"Basi ndivyo kichwani. Anayepita mara moja hachori kitu. Ukipita leo, ukapita kesho kutwa, ukapita tena majani yanapoanza kuinuka, njia inakaa. Njia ya Dereva ya zamani imezibwa, kwa hiyo anakata nyingine pembeni. Wewe ulikuwa unasimama hapa dirishani na kitabu, unaitazama njia, unasema naijua. Hujaikanyaga. Kila unapofunga kitabu na kujilazimisha kukumbuka, hapo unakanyaga."

"Na kama sikumbuki?"

"Hata kule kutafuta ni kutembea. Tafuta kwanza, ndipo ufungue kitabu. Na usiku ulale. Ukilala ubongo unapanga ulichookota mchana. Wewe ulikuwa unasinzia juu ya kitabu, hulali wala husomi."

Nikamweleza habari ya jiwe la mtoni. Sijui kwa nini nilimweleza, mume wangu mwenyewe sijawahi kumwambia. Wifi hakucheka. Alisema yule mwalimu hakuwa ameona ubongo, yeye anaona kazi yake kila siku, na hajakutana na jiwe hata moja.

Dereva, ambaye tulidhani hasikilizi, akasema bila kuinua macho, "Mimi nilikutana nalo. Nilimwoa dada yake." Tukacheka wote watatu, na kifungo kikamtoka tena.

Siku hiyo Dereva aliniwekea dau. Yeye atafunga vifungo vyote sita vya shati kabla mimi sijapata leseni. Atakayeshindwa atamwita mwenzake mwalimu maisha yake yote. Nikakubali. Mtu asiyeweza kufunga hata kimoja, niliona nimeshashinda.

Nilirudi chini na tatizo langu. Muda wa kusoma ni upi, na mashuka hayanisubiri? Ndipo nikaona kwamba muda ulikuwa mikononi mwangu siku zote. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnalivuta likanyooka, mnakutana katikati, unampa pembe zako. Mnaachana, mnavuta, mnakutana tena. Mwenzangu wa upande wa pili anaitwa Bubu, kwa sababu hajawahi kunyamaza. Nikaandika maswali kwenye vitambaa vya foronya zilizochakaa, nikavijaza kwenye mfuko wa aproni yake, vimechanganyika: presha, maji, moto, hesabu, vyote pamoja. Tukivuta shuka, anachomoa swali. Lazima nijibu kabla hatujakutana katikati. Nisipojibu, tunalikung'uta shuka na kuanza upya.

Wiki ya kwanza tulikung'uta kuliko tulivyokunja. Marundo yakatuzidi, msimamizi akaja kuuliza kama tunakunja au tunapepea. Mimi nilikuwa nataka kukimbia. Kwenye kitabu kila kitu nilikijua. Hapa Bubu ananiuliza kitu cha ukurasa wa tatu na nasimama mdomo wazi kama samaki. Nilipanda juu kulalamika.

"Zamani nilikuwa najiona najua," nikamwambia wifi. "Sasa najiona mjinga."

"Zamani ulikuwa hujui na huna habari," akasema. "Sasa una habari. Rudi ukakunje."

Kitu kimoja nilikigundua mwenyewe, na ninakisema kwa sababu wifi alikiandika kwenye daftari lake. Hesabu zilikuwa zinanishinda kwa wingi wa vitu. Presha, eneo, kipenyo, kilo, sentimita za mraba, nikishika kimoja kingine kinaanguka. Siku moja nilikuwa naiangalia meza yetu. Shuka lililotandazwa linakula meza nzima, huwezi kuweka hata leso. Lile lile likikunjwa linakaa kwenye kona, na meza inabeba mashuka hamsini. Nikasema, basi kumbe ninatandaza mashuka matano kichwani kwa mpigo. Nikaacha. Nikachukua presha peke yake, siku tatu presha tu, nikaielewa: ni uzito unaosukuma kila kipande kidogo cha chuma. Ikakunjika ikakaa kona. Kisha eneo. Eneo likakaa kona. Ndipo nikaviweka pamoja, na siku hiyo nikapata kwamba mfuniko wa boila yetu, ule ninaouona kila nikipeleka ujumbe kule nyuma, unasukumwa kutoka ndani kwa tani saba. Nilienda nikasimama mbele yake, nikautazama. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimepita mbele ya tani saba nikiimba.

Wifi aliposikia habari ya meza alisema, "Hii nitawafundishia wagonjwa." Akaongeza, "Nitasema nimeibuni mimi." Nikajua sasa tunapendana bila meno.

Nilipanda kila siku mapumziko ya mchana. Dereva alifunga kifungo cha kwanza mwezi wa pili tangu tuwekeane dau. Chumba kizima kilipiga makofi, naye akakifungua pale pale akaanza tena, maana wifi alimwambia mara moja haichori njia. Halafu wifi akamletea shati lingine lenye vifungo vidogo, kisha koti, kisha la vifungo vinavyofungwa kushoto. Dereva akanuna. Alisema ameshazoea lake. Wifi akasema ndiyo maana. Mimi kule chini nikamwambia Bubu abadilishe namba kwenye maswali yote, asiniachie hata moja niliyozoea.

Bubu mwenyewe nilianza kumwogopa. Mwezi wa tatu alikuwa ananirekebisha kabla hajatazama kitambaa. Kwenye maswali ya mduara, ambako lazima ukigawe kipenyo nusu kabla ya kufanya lolote, mimi nilikuwa nasahau kila mara, na kila mara alikuwa ananipigia kelele tukiwa tunakutana na shuka mkononi: "Nusu kwanza, Pasi. Nusu kwanza."

Siku ya mtihani nilikuwa nimelala kwa muda wa saa nane kamili. Mume wangu alishangaa kunikuta nakoroma, akadhani nimekata tamaa.

Swali la nne lilikuwa mfuniko wa mduara, kipenyo sentimita arobaini, presha kilo sita kwa kila sentimita ya mraba. Nikalitazama, kichwa kikawa cheupe. Zamani ningekufa nalo pale pale. Wifi alikuwa ameniambia ukikwama ondoka, nenda kafanye kingine, kichwa kitaendelea kuchimba bila kukuambia. Nikaenda la tano, la sita, la saba. Katikati ya la nane, ambalo lilikuwa juu ya usafi wa bomba la moshi na halikuhusiana na chochote, nikaisikia sauti ya Bubu na nikahisi pembe za shuka mkononi. Nusu kwanza. Nikarudi la nne. Ishirini mara ishirini, mara tatu nukta moja nne, mara sita. Kilo elfu saba na mia tano na thelathini na sita. Nikaipigia mstari mara mbili, kwa jeuri.

Kisha ikaja sehemu ya kusimama mbele ya boila na mtahini. Alikuwa yule yule wa wino mwekundu, mwanamume mfupi mwenye tai, na niliona kwamba amenikumbuka.

"Umeangalia kioo," akasema, "huoni maji kabisa. Chumba cha upasuaji kinasubiri mvuke. Msimamizi wako anapiga simu, anakuambia ongeza maji haraka. Utafanya nini?"

"Nitazima moto."

"Msimamizi anafoka."

"Afoke. Akilipuka yeye ni nafuu kuliko boila."

Mtahini hakucheka, ila tai yake ilitikisika. "Kwa nini usiongeze maji? Maji si yamepungua?"

Ukurasa wa arobaini na moja ulinipitia kichwani, na tone lake la chai. Nikaupisha. "Kupungua ni pale ninapoyaona," nikasema. "Kama siyaoni, sijui yako wapi, na huenda chuma kimebaki kitupu juu ya moto, kimekuwa chekundu. Nikikimwagia maji, yatageuka mvuke kwa mpigo mmoja, na mvuke unataka nafasi mara elfu na zaidi kuliko maji yenyewe. Pale ndani nafasi hiyo haipo. Kwa hiyo nazima moto, naacha kipoe chenyewe, namwita fundi wa ukaguzi. Upasuaji watasubiri. Wakinilaumu nitakuwa hai kuwajibu."

Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, na safari hii kwa wino wa bluu.

Matokeo yalikuja baada ya wiki mbili, bahasha mkononi mwa msimamizi. Bubu akaninyang'anya, akaichana. Akasoma kwamba nimefaulu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa la kusema. Kisha akaniuliza fomu za mtihani wa mwaka ujao zinachukuliwa wapi, maana naye anataka kujaribu. Nilimkumbatia mpaka tukaangusha rundo la wodi ya wazazi.

Nikapanda ngazi mbili mbili, bahasha mkononi. Nilikuwa nimejiandaa. Dereva ataniita mwalimu leo, na ataniita mbele ya watu.

Alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo. Aligeuka taratibu. Alikuwa amevaa lile shati jeupe, na vifungo vilionekana vimefungwa vyote sita. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule unaotabasamu, na macho yamemjaa maji.

"Peke yangu," akasema. "Asubuhi, nyumbani. Mke wangu yupo shahidi."

Ndipo nikaona. Alikuwa ameanza na tundu la pili. Upande mmoja wa shati ulikuwa umepanda, mwingine umeshuka, chini kifungo kimoja kimekosa tundu, na shingoni tundu moja limebaki tupu. Yeye hakuwa ameliona. Mkono wangu ukaondoka wenyewe, mkono wa miaka kumi na tisa wa kunyoosha vitu, ukafika nusu ya njia kuelekea shingo yake.

Ukasimama hapo. Wifi alikuwa mlangoni, anautazama. Hakuinua kidole safari hii.

Nikaurudisha mkono, nikauweka mfukoni pamoja na bahasha. Dereva akanitazama usoni, akatazama chini, akapapasa kola mpaka akalipata lile tundu. Akashusha pumzi. Kisha akakaa kwenye kiti, akakifungua kifungo cha juu, na cha pili, na cha tatu, akashuka mpaka cha mwisho, akaanza upya.

Nikavuta kiti nikaketi mbele yake, mikono mapajani.

"Polepole tu, mwalimu," nikamwambia. "Sina haraka."